Kabureta, kiboksi cha pembeni au kompyuta huru? Kuchagua mfumo wa mafuta wa pikipiki ya mashindano ukiwa Mwanza

Kijana mmoja wa Igoma aliniletea kiroba. Ndani mlikuwa na throto bodi nne zilizoshikana (mirija yenye kipepeo inayopitisha hewa kuingia injini ya injekta), zimetolewa kwenye Suzuki GSX-R iliyoanguka. Waya zilikatwa kwa koleo, na mpira mmoja wa manifodi ulikuwa umepasuka.

"Shikamoo fundi. Naomba unifungie moja kwenye mashine yangu."

Mashine yenyewe ni ya silinda moja, cc 200, ya Kichina, anayoshindania kwenye vumbi. Nikamwuliza stata yake, yaani koili za magneto zinazozalisha umeme, si ile stata ya kuwashia, inatoa wati ngapi. Akacheka, akadhani namtania.

Wengi wanaoniuliza habari hizi wamekwama palepale alipokwama yeye. Wameona video, wamesikia kwamba kabureta imepitwa na wakati, na wana fedha kidogo ambayo ikitumika vibaya hairudi. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kubaki na kabureta, ila ya mashindano. Ya pili ni kuacha throto bodi na kompyuta ya kiwandani na kuongeza kiboksi cha pembeni, au kuandika upya programu ya kompyuta ileile. Ya tatu ni kung'oa vyote, ukafunga throto bodi unazotaka na kompyuta huru ambayo ramani yake, yaani jedwali la mafuta na moto, unaiandika mwenyewe.

Injini yenyewe haijui mafuta yametoka wapi. Ili petroli iungue yote bila hewa kubaki inahitaji uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 kwa uzito, na ukitaka nguvu za mwisho unashuka hadi kati ya 12.5 na 13. Mfumo wowote unaompa pistoni uwiano huo kwa wakati wake utakwenda. Tofauti iko kwenye namna ya kuupata, gharama yake, na nini kinatokea siku mambo yakienda kombo.

Vigezo nitakavyotumia

Nitazipima zote kwa mambo matano: fedha yote hadi pikipiki iwake (bei ya boksi peke yake haitoshi), umeme inaoutaka, nani ataiseti hapa kwetu, ikikufia uwanjani unafanyaje, na nguvu au utulivu unaoupata.

Kuna cha sita ambacho watu wa huku hawakihesabu, nacho ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni 101, kwa hiyo injini yoyote isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu kabla hujaiwasha. Hilo halina dawa. Lakini ziwa ni bakuli moja. Ukiseti kabureta hapa kisha ukaenda Musoma, Bukoba, Kisumu au Entebbe, ufukweni mwinuko ni uleule. Anayeshindana kandokando ya ziwa habadilishi jeti (vijitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta) kwa sababu ya mwinuko. Anayeshuka Dar au kupanda Arusha na Nairobi ana habari nyingine, na tutamrudia.

Njia ya kwanza: kabureta ya mashindano

Hapa nazungumzia Keihin PWK na nakala zake za Kichina, na kwa mwenye uwezo zaidi, Keihin FCR au Mikuni TMR zenye slaidi bapa (kibamba kinachopanda ukifungua resi). FCR ina pampu ndogo inayorusha mafuta pale unapofungua resi ghafla, na kwenye uwanja wa kona nyingi utaisikia tofauti yake.

*Fedha.* Ndiyo njia nafuu kuliko zote, ila usijidanganye na nakala. Nakala ya PWK 28 inaweza kwenda vizuri kabisa kama mwili, lakini jeti zake namba zinadanganya. Nimewahi kuchukua jeti mbili zilizogongwa 110, nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, tundu moja likawa kubwa kwa macho tu. Nunua mwili wa nakala ukipenda, ila jeti na sindano tafuta halisi.

*Umeme.* Hauhitaji chochote. Magneto ikitoa moto wa plagi, unakimbia hata betri ikiwa imebaki nyumbani.

*Wa kuseti.* Kila fundi anayejua kazi, kuanzia Mabatini hadi Buhongwa. Tatizo ni kwamba wengi wanaseti kwa sikio injini ikiwa imesimama. Kabureta husetiwa kwa kufungua resi hatua kwa hatua. Bandika utepe mweupe kwenye mpini na mwingine kwenye swichi, uweke alama za robo, nusu na mwisho. Mwanzoni kabisa inatawala jeti ndogo. Ukikaribia robo ni mkato wa slaidi. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na kijibanio chake chenye ngazi, na mwisho ni jeti kubwa. Pikipiki ikikohoa, tazama alama iko wapi, ndipo ujue cha kugusa. Ukifanya hivyo utaokoa siku nzima ya kubahatisha.

*Ikikufia.* Uchafu kwenye jeti ni kazi ya dakika kumi, bisibisi na pumzi. Kwenye kuruka, floti, yaani boya la mafuta, hutikisika, mafuta yakazidi au yakakatika. Hilo linavumilika.

*Unachopata.* Resi ikiwa wazi kabisa, kabureta iliyosetiwa vizuri haiachwi mbali na throto bodi. Inapoachwa ni katikati, kwenye kufunga na kufungua, na pale hewa inapobadilika. Tena inahitaji hewa ipite kwa kasi kwenye koo lake ili ivute mafuta, kwa hiyo ukifunga kubwa mno kwenye injini ndogo inakufa chini, inaamka juu tu.

Inamfaa anayeshindana nyumbani, mwenye injini ya silinda moja, ambaye fedha yake ni bora iende kwenye shoki na matairi. Akitaka kupiga hatua moja mbele bila kugusa mafuta, zipo sidii (CDI, kiboksi kinachoamuru plagi irushe moto) za kuprogramu, mfano zile za Ignitech ya Czech, zinazokuachia upange mwenyewe moto uwahi kiasi gani kwa kila mzunguko. Watu husahau kabisa njia hii, nami naipenda kwa mashine zinazopozwa kwa hewa za cc 150 hadi 250.

Njia ya pili: kompyuta ya kiwandani na kiboksi cha pembeni

Njia hii ni ya pikipiki iliyotoka kiwandani na injekta. Kwenye motocross (mbio za uwanja wa vumbi), kwa viwanda vikubwa vya Kijapani hizo zilianza na Suzuki RM-Z450 ya mwaka 2008, ikafuata Honda CRF450R ya 2009. Kama yako ilizaliwa na kabureta, ruka sehemu hii.

Kiboksi kama Power Commander ya Dynojet hukaa katikati ya kompyuta na injekta. Kompyuta inaamuru injekta ifunguke kwa muda fulani, kiboksi kinaurefusha au kuufupisha kulingana na resi na mizunguko. Kuandika upya programu ni jambo jingine: unaingia ndani ya kompyuta yenyewe na kubadilisha namba zake, pamoja na moto na kikomo cha mizunguko, mambo ambayo kiboksi cha mafuta peke yake hakiyafikii.

*Fedha.* Kiboksi ni mamia ya dola, na usafiri hadi Mwanza juu yake. Hesabu inaishia karibu hapo, kwa sababu pampu, sensa na waya tayari unazo. Ndiyo raha ya njia hii.

*Umeme.* Kiwanda kilishapiga hesabu. Ile RM-Z450 ilikuwa haina betri kabisa. Unapiga kiki, jenereta inaamsha pampu na kompyuta kwa mkanyago mmoja. Wahandisi walioweza hivyo waliipangia stata yake tangu mwanzo, jambo ambalo mashine yetu ya Kichina haikufanyiwa.

*Wa kuseti.* Unahitaji laptopu na sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosti, mfano Bosch LSU 4.9. Ramani za kupakua zipo, lakini ziliandikwa kwa ekzosti nyingine, chujio jingine na hewa nyingine. Anzia hapo, usiishie hapo. Kama pikipiki ina sensa ya oksijeni ya kiwandani, kompyuta itakuwa inarudisha nyuma unachoongeza kwenye resi ndogo, basi ishughulikie hiyo kwanza.

*Ikikufia.* Chomoa kiboksi, rudisha soketi za kiwandani, maliza mbio. Hakuna mfumo mwingine kati ya hii mitatu unaokupa mlango wa kutokea mwepesi namna hii.

*Unachopata.* Unalipwa vizuri hasa ukishabadilisha ekzosti na chujio, kwa kuwa ramani ya kiwandani haikuyajua mabadiliko hayo. Lakini injekta za kiwandani zikifika mwisho wake, kiboksi hakiongezi tundu.

Njia ya tatu: throto bodi za kuchagua na kompyuta huru

Hapa ndipo kijana wa Igoma alipotaka kuanzia. Nitakaa kidogo, maana ndipo fedha inapozama.

*Fedha.* Kompyuta zenyewe zimetofautiana kama mtumbwi na meli. Speeduino imejengwa juu ya Arduino Mega 2560, unaweza kuiunga mwenyewe kwa risasi, na ni ya bei ya chini kabisa, ila haijazibwa dhidi ya maji. MicroSquirt ni ndogo, imefungwa, na inagharimu mamia ya dola. Motec ya Melbourne inaingia kwenye maelfu. Kisha ongeza pampu, regyuleta ya mafuta, injekta, sensa ya resi, sensa ya joto la injini na ya hewa, gurudumu la meno na sensa yake, rilei, fyuzi, waya, na ile sensa pana ya oksijeni. Kwa uzoefu wangu boksi lenyewe ni chini ya nusu ya hesabu yote.

Usisahau hosi. Mafuta ya injekta yanakwenda kwa shinikizo la karibu ba 3. Hosi ya kawaida ya kabureta itavimba, kisha itapasuka juu ya ekzosti ya moto. Nunua hosi ya injekta na kilampu zake, na weka sensa inayokata pampu pikipiki ikilala. Hapo sina mzaha.

*Umeme.* Mashine yangu ya kwanza ya aina hii iliwaka vizuri gereji, ikaenda mizunguko mitatu ya uwanja, ikazima kama imekatwa kwa kisu. Ikawaka tena baada ya kupumzika, ikazima. Nilifungua waya zote, nikabadilisha koili, nikalaumu programu. Mwishowe nikaweka mita kwenye betri: volti 10.8. Nilikuwa nimefunga pampu ya gari. Ikivuta ampea 5 kwa volti 12, hizo ni wati 60 kabla hujahesabu injekta, koili na kompyuta, na stata ya pikipiki ile ilitengenezwa kwa ajili ya taa na honi.

Tangu siku ile napima kwanza. Chukua balbu ya gari ya wati 55, iunganishe moja kwa moja kwenye betri iliyojaa, washa injini, ipige resi ya wastani, soma mita kwa dakika tano. Volti zikikaa juu ya 13, una umeme wa pampu ndogo. Zikishuka polepole bila kusimama, bado huna. Dawa ni kusuka stata upya na regyuleta inayolingana nayo, au kukimbia kwa chaji ya betri tu. Kwa mbio fupi hiyo ya pili si vibaya. Mfumo unaovuta ampea 7 kwa robo saa unakula chini ya ampea-saa 2. Lakini betri ije imejaa, na mbio za pili mchana uwe na nyingine.

*Wa kuseti.* Hapa ndipo ugumu ulipo, na kabla ya ramani kuna vitu vya mkononi. Kompyuta inahitaji kujua kekshafti iko wapi, kwa hiyo fundi wa leti atakuchongea gurudumu la meno 12 lililoondolewa jino moja. Sensa ikae karibu na meno, chini ya milimita moja, isiguse. Kisha angalia plagi. NGK D8EA haina rizista ndani, DR8EA inayo. Ile herufi R ndiyo yenyewe. Plagi isiyo na rizista inatema kelele za umeme ambazo sensa inazisoma kama meno, na kompyuta inapotea njia kwenye mizunguko ya juu. Nimeona watu wakitaka kutupa kompyuta nzima kwa kosa la plagi.

Injekta ichaguliwe kwa hesabu. Kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, injini ya mipigo minne inamaliza duru yake kwa milisekunde 12. Hutaki injekta iwe wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda huo, yaani chini ya milisekunde 10. Kwa injini ya nguvu za farasi 20 hiyo inaangukia kwenye injekta ya cc 130 hadi 150 kwa dakika. Ya GSX-R ni kubwa mno kwa cc 200. Itamudu juu, lakini injini ikinguruma bila resi inakuwa kama mtu anayepima chumvi kwa beleshi.

Kipenyo cha throto nacho kina mtego. Kwa kuwa mafuta yanasukumwa na pampu, throto bodi haihitaji koo jembamba kama kabureta, na watu hufunga kubwa kadiri inavyoingia. Matokeo yake ni kwamba mguso wa kwanza wa mpini unaleta karibu hewa yote, na kona ya vumbi inakuwa ya kubahatisha. Zile za GSX-R za miaka ya 2000 zina vipepeo viwili kila tundu. Cha pili kinaendeshwa na mota ya kompyuta ya Suzuki, kwa hiyo kwenye kompyuta huru hutolewa au huachwa wazi.

Ramani yenyewe kwa throto bodi za mashindano kwa kawaida hupangwa kwa resi na mizunguko, kwa sababu mvutano kwenye manifodi ni dhaifu na unayumba. Mimi husetia barabarani mapema asubuhi: naendesha, narekodi, nasimama, nasoma, nabadilisha vyumba vichache vya ramani, narudia. Kuitazama laptopu ukiwa unaendesha ni kujitafutia magongo ya hospitali. Tenga siku kadhaa, si mchana mmoja.

*Ikikufia.* Waya moja ikilegea umemaliza siku. Petroli ya chupa ya barabarani iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo kabureta huimeza kwa manung'uniko, huja na uchafu unaoziba injekta. Na yale matarumbeta ya alumini ya kuingizia hewa yaliyo wazi, yanayopendeza kwenye picha, yanavuta vumbi la mawe yetu moja kwa moja kwenye silinda. Weka sponji yenye oili juu yake, hata kama sura inaharibika.

*Unachopata.* Mafuta na moto unavitawala kila mahali, kikomo cha mizunguko unakipanga, na rekodi inakuambia kilichotokea kwenye kona ya pili. Ukiwa na sensa ya shinikizo la hewa, unashuka kutoka Mwanza hadi Dar na mfumo unajirekebisha wenyewe. Kabureta iliyosetiwa hapa ikipelekwa pwani inakuwa na mafuta pungufu kwa hewa nzito ya huko, na pistoni huyeyuka hivyo. Kwenye injini ya silinda nne, ambako kila tundu lina tabia yake, tofauti ni kubwa zaidi. Kwenye silinda moja ndogo, farasi wa ziada ni wachache. Anayenunua utulivu atafurahi kuliko anayenunua nguvu.

Kabla ya yote, soma kanuni za daraja lako. Hata MotoGP walibana: tangu 2014 timu zinatumia kompyuta ya aina moja ya Magneti Marelli, na tangu 2016 programu ni moja kwa wote.

Kwa hali yako

Kama una silinda moja inayopozwa kwa hewa na unashindana hapahapa ziwani, kaa na kabureta nzuri, jeti halisi, na sidii ya kuprogramu ukipata nafasi. Kama unasafiri kwenda pwani au milimani mara mbili tatu kwa mwaka, bado kabureta inawezekana, ila beba boksi la jeti na uandike kwenye daftari kilichofanya kazi wapi.

Kama pikipiki yako ilikuja na injekta na umebadilisha ekzosti, anza na kiboksi au kuandika upya programu. Kuing'oa kompyuta ya kiwandani kuna maana pale tu injekta zimefika mwisho, au umebadilisha kamu na pistoni kiasi kwamba ramani ya zamani haina kazi tena.

Una injini ya silinda nne iliyojengwa upya, laptopu unayoifahamu, na rafiki mwenye subira ya kurekodi nawe asubuhi kumi? Kompyuta huru itakulipa. Nunua kwanza sensa pana ya oksijeni, uitumie hata kwenye mfumo ulionao leo. Itakufaa kwenye njia yoyote utakayoishia.

Na kama fundi pekee anayeijua kompyuta yako yuko mji mwingine, ihesabu nauli yake kama spea.

Yule kijana tulimfanyia kipimo cha balbu palepale. Volti zilianzia 13.4, dakika ya pili 12.6, dakika ya nne 12.1. Alisimama akiitazama mita kimya, kisha akauliza bei ya kusuka stata. Kiroba chake bado kiko chini ya benchi langu.